Ndoo Iliyoganda

Mwaka juzi, mwezi Juni, nilimsingizia mama mmoja wa Singida kwamba ni mwizi. Nilikuwa nimenunua kwake ndoo ya asali ya lita tano, kwenye kibanda cha pembeni mwa barabara kuu, nikaenda nayo nyumbani Dodoma. Siku ile asali ilikuwa ya manjano, inashuka kutoka kwenye kijiko kama uzi usiokatika. Wiki tatu baadaye, baada ya zile baridi za usiku tunazozijua watu wa Dodoma, ndoo ilikuwa imeganda kuanzia chini mpaka juu, punje tupu, kijiko kinasimama chenyewe. Nilipopita tena Singida niliibeba ile ndoo, nikaitua mezani kwake mbele ya wateja, nikamwambia ameniuzia sukari. Hakubishana. Alifungua fundo la kanga, akahesabu noti, akanirudishia pesa yangu yote.

Aliyenifumbua macho ni bwana nyuki mmoja mstaafu, jirani ya shemeji yangu. Nilipomsimulia kisa changu kwa majivuno alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Hiyo asali ilikuwa ya maua gani?" Sikuwa na jibu. Akaniuliza nilinunua wapi na lini, akatikisa kichwa. "Singida, Juni. Hiyo ni alizeti, bwana. Asali ya alizeti isipoganda ndipo uwe na wasiwasi nayo."

Ndiyo sababu ya safari hii. Juni mwaka huu nilifunga begi, nikaweka chupa tupu za plastiki, karatasi za kubandika na kalamu ya wino usiofutika, nikashika njia ya magharibi: Manyoni, Itigi, Tabora, Sikonge, Ipole mpaka Inyonga, kisha nirudi kwa kuzungukia Nzega na Igunga mpaka Singida. Nilitaka kuonja asali mahali inapotoka, na kila nikionja niulize swali la yule mzee.

Kituo cha kwanza kilikuwa Itigi. Ukishaipita Manyoni, nchi inabadilika ghafla. Unaingia kwenye kichaka ambacho wataalamu wa mimea wanakijua duniani kote kwa jina la Itigi: miti mifupi ya mita tatu hadi tano, imesongamana hivi kwamba mtu hawezi kupenya bila panga, yote imeota kwenye mchanga. Kiangazi hudondosha majani na kubaki vijiti vya kijivu. Mvua zikianza, kinafumuka maua. Nilikuta bibi mmoja karibu na stendi amepanga chupa za asali juu ya gunia. Nilimwamkia, nikamuuliza ni ya maua gani. Aliniangalia kama anayepima kama namtania, kisha akanyosha mkono kuelekea porini. "Ya humu humu kichakani, baba. Milama, vikwata, na vingine majina yake niyajuayo ni ya kwetu." Kikwata ndio ule mgunga wenye miiba iliyopinda kama kucha za paka. Jina lake la kisayansi huishia na neno mellifera, yaani "wenye kuleta asali", na kwa mti ule wa miiba nadhani hilo ndilo jina zuri zaidi aliloweza kupewa.

Asali ya yule bibi ilikuwa nyepesi ya rangi, karibu na chai ya rangi iliyotiwa ndimu, na ladha yake ilipita haraka mdomoni bila kukwaruza koo. Niliandika: Itigi, Juni, kichaka. Bibi alicheka kuona naipa chupa jina. Alinionya, lakini, nisinunue ovyo kwa watoto wa barabarani, kwa sababu yako maeneo nyuki hutembelea minyaa, ile mikubwa yenye matawi kama kinara cha mishumaa, na asali yake huchoma koo kama pilipili. Kwa wafugaji nyuki wa nchi kame hilo ni jambo la kawaida. Asali ni halali, ni ya nyuki, imeiva, na bado huwezi kumpa mgeni.

Ndani ya basi la kwenda Tabora nilikuwa na saa kadhaa za kuyapanga yale niliyofundishwa na bwana nyuki, na nitayaeleza hapa kwa sababu bila hayo safari yote inabaki kuwa hadithi ya mtu aliyelamba chupa.

Nyuki haanzi na asali. Anaanza na mbochi, maji matamu ya ua, ambayo mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Ndani ya mbochi kuna sukari za aina tatu: sukrosi, ambayo ndiyo ile ile ya miwa, na glukosi na fruktosi. Nyuki anaongeza vimeng'enya kutoka kwenye tezi zake, sukrosi inavunjwa kuwa glukosi na fruktosi, halafu kundi zima linapepea mabawa mzingani mpaka maji yapungue. Asali iliyoiva kwa kawaida ina fruktosi kama asilimia 38, glukosi kama 31, na maji kama 17. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka maji yasizidi asilimia 20. Lakini hizo ni namba za wastani, na wastani huficha mti. Nyuki ni mpishi, viungo vinaletwa na ua. Kuna maua ambayo glukosi yake ni nyingi, karibu ilingane na fruktosi, na kuna ambayo fruktosi inatawala. Glukosi haiyeyuki vizuri kama fruktosi. Ikizidi, inajitenga na kuwa fuwele, na baridi ya nyuzijoto 14 hivi ndiyo inayoipenda kuliko zote. Alizeti ina glukosi nyingi. Juni ya Dodoma usiku ina nyuzi hizo hizo. Ndoo yangu haikuwa na namna nyingine ya kuwa.

Na zile njia tunazopimia asali majumbani? Kuchovya njiti ya kiberiti halafu kuiwasha, kudondosha tone kwenye mchanga, kuangalia kama sisimizi wanakuja. Nimezitumia zote. Zinachopima, kama zinapima kitu, ni wingi wa maji. Sharubati nzito ya sukari inaweza kufaulu, na asali halisi iliyorinwa mapema kidogo ikafeli.

Tabora nilifikia kwa rafiki yangu, mwalimu wa baiolojia, ambaye ana hadubini yake mwenyewe na subira ya kuonyesha. Nilimpa chupa ya Itigi, na kopo la mabaki ya ile asali ya Singida, kwani kidogo kilikuwa kimebaki kwenye bakuli nyumbani na nilikibeba makusudi. Alipima gramu kumi za kila moja, akaziyeyusha kwa maji ya vuguvugu, akazungusha mirija kwenye mashine yake ndogo mpaka vumbi likakaa chini, akachukua tone la mashapo na kuliweka kwenye kioo.

"Njoo uone, ndugu yangu."

Vumbi lile ni chavua. Katika asali ya Singida niliona vidude vya duara vyenye miiba pande zote, mfano wa mbegu zile zinazong'ang'ania suruali ukipita majanini. Vilikuwa vingi mno. "Alizeti," alisema. Katika asali ya Itigi mambo yalikuwa mchanganyiko, ila kimoja kilinishika: tufe dogo lililogawanyika kama mpira wa miguu ulioshonwa vipande. Mwalimu alinieleza kwamba chavua ya migunga haisafiri moja moja. Zinashikana kumi na sita kwa pamoja, zinabaki hivyo mpaka mwisho. Nilizihesabu kadiri nilivyoweza, zile za upande unaoonekana, na nilijisikia kama mtu aliyesomewa barua ya mti.

Nikadhani basi imekwisha, kwamba ukihesabu chavua unajua asali. Mwalimu alinikatiza. Akasogeza kioo, akanionyesha punje kubwa laini yenye tundu moja. Mahindi. Ua la mahindi halina mbochi kabisa, nyuki huenda pale kuchukua chavua ya kulishia majana, na punje zikadondokea kwenye asali. Tena yapo maua yenye mbochi tele na chavua kidogo, ambayo yataonekana haba kwenye kioo ilhali ndiyo yaliyojaza ndoo. Kwa hiyo anayesoma chavua lazima aijue nchi: nini kinachanua, mwezi gani, na nyuki anakifuata kwa ajili ya nini. Hadubini pekee inadanganya kwa upole.

Kutoka Tabora kwenda kusini ni miombo. Sikonge iko kama kilomita 70, Ipole iko mbele yake pale njia inapogawanyika, na kutoka hapo lami inakata msitu kuvuka mto Koga mpaka Inyonga, mkoa wa Katavi, nchi ya Wakonongo. Saa nyingi dirishani ni miti tu. Macho ya mgeni yanaona mti mmoja unaojirudia. Nilihitaji mtu wa kunitenganishia.

Nilimpata Inyonga. Ni mzee wa makamo ya sabini, mfugaji tangu utoto, ambaye mwenyeji wangu alinipeleka kwake jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kununua?"

"Nimekuja kujifunza maua, mzee. Na kununua kidogo."

Hilo lilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Kesho yake tulikwenda wote manzukini, saa kumi jioni, na njiani alinifundisha miti miwili. Wa kwanza mtundu. Huo huchipua majani mapya mwisho wa kiangazi, mekundu kama shaba, kabla hata mvua haijagusa ardhi, na maua yake hufuata hapo hapo, kuanzia Septemba. Ukiyatafuta kwa macho hutayaona, ni madogo, ya kijani cheupe, karibu hayana petali. Harufu ndiyo inayokwambia. Asali yake hurinwa Novemba na Desemba, kidogo. Wa pili ni muba, wengine huuita muva. Huo unachanua mwishoni mwa masika, na tulipopita chini yake mzee alinyosha mundu kuonyesha juu: maganda machanga ya rangi ya kahawia, yana manyoya laini kama kitambaa cha mahameli, yamesimama wima juu ya majani yote. "Kila ganda hilo ni ua lililotembelewa," alisema. "Ukiona mengi, mizinga ina kitu. Muba akigoma mwaka huo, nyuki wanahangaika na vichaka na majani ya mbugani, na asali inakuja na sura nyingine."

Mizinga yake mingine ni ya masanduku, mingine bado ni ya magogo. Ile ya magome ameiacha, na alinionyesha sababu: muba mkubwa umekauka wima, umechunwa gome lake zunguko zima miaka mingi iliyopita. Aliyeuchuna ni yeye. "Nilikata titi la mama yangu kutengeneza kibuyu cha maziwa," alisema, na hatukuongea tena mpaka tulipofika.

Kurina kulianza jua likiwa limeshazama. Mzee alivaa koti nene na wavu, akawasha bomba la moshi kwa magome makavu. Mimi nilisimama mbali, na bado nilichomwa mara mbili kwenye kifundo cha mguu. Nyuki wa bara ni wakali, na hawana sababu ya kuwa vinginevyo. Mzee alifungua upande mmoja wa mzinga, akapuliza moshi taratibu, akaanza kukata. Sega la kwanza alilolitoa alilielekeza kwenye tochi: vyumba vyake vilikuwa wazi, vinang'aa. Alilitikisa, matone yakaruka. "Mbichi." Alilirudisha pembeni. La pili lilikuwa limezibwa kwa nta nyeupe, safi, sehemu kubwa kabisa. Hilo liliingia ndooni. La tatu lilikuwa na vyumba vya rangi rangi, njano, machungwa, kahawia, mpaka karibu jeusi: chavua iliyoshindiliwa. Alinikatia kipande nionje. Kilikuwa chachu na chungu kwa mbali, kama unga uliolala. Wanaokamua sega zima bila kuchambua wanaingiza hicho ndani, na majana pia, halafu tunasema asali ya Tabora ni nzito na ina uchachu, tunausingizia mti. Masega ya majana mzee hakuyagusa. Alifunga mzinga.

Tulikula lile la pili, lililozibwa, tumekaa kwenye gogo. Asali ilikuwa ya rangi ya kahawia yenye wekundu, nzito, ikatoa utamu kwanza, halafu kitu kama sukari iliyoungua kidogo, halafu ukavu mwepesi pembeni mwa ulimi uliokaa muda mrefu. Nikaikumbuka ile ya Itigi iliyopita haraka. Umbali wa siku moja ya basi, nyuki wale wale, kazi ile ile. Asali za rangi ya giza kwa ujumla huwa na madini mengi zaidi na zile kemikali za mimea zinazoitwa fenoli, ambazo ndizo zinazoupa ulimi kazi. Hata hivyo mzee alinikanya nisiiamini rangi peke yake, kwani asali ikikamuliwa kutoka kwenye masega ya zamani yaliyolelewa majana inakuwa nyeusi, ikikaa miaka inakuwa nyeusi, na ikipikwa inakuwa nyeusi.

Nilimuuliza kama anatenga asali ya mtundu na ya muba. Alinionyesha stoo: ndoo za lita 20, zimepangwa ukutani, hazina alama. "Natenga, mimi mwenyewe najua ipi ni ipi. Mnunuzi anakuja na mizani na pipa. Anamimina zote humo humo. Bei moja." Ya Desemba, ya Juni, ya jirani aliyekamua na chavua, ya mwingine aliyerina mbichi kwa sababu ya ada za shule, zote pipani, na pipa likifika mjini linaitwa asali.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nyuzilandi wana mti mdogo unaoitwa mānuka. Mbochi yake ina kemikali ambayo asalini hugeuka taratibu kuwa methailiglaioksali, inayoua bakteria, na kwa kuilinda hiyo asali isichanganywe wameifanya iuzwe kwa bei ambayo mfugaji wa Inyonga angedhani ni ya dhahabu. Yemeni na Omani wana asali ya mkunazi, wanaiita sidr, na mnunuzi wa kule atauliza bonde na msimu kabla ya kuuliza bei. Mkunazi tunao, umejaa Dodoma. Muba tunao, msitu wa siku nzima. Tulichokosa ni ndoo yenye jina. Na huo msitu wenyewe unapungua: barabarani nilipita mabani ya kukaushia tumbaku, na kila bani lina rundo la magogo yaliyokatwa sawasawa, na kati ya magome yale nilianza kuitambua ngozi ya muba. Ningetamani nisiwe nimejifunza kuitambua siku ile.

Mzee aliniuzia lita tatu za Juni na akanipa bure chupa ndogo ya Desemba. Niliandika kila moja: mtundu, muba. Aliiomba kalamu. Nilipoondoka asubuhi alikuwa stooni anaandika kwenye ndoo zake.

Nilirudi Tabora, nikapanda gari la Nzega, nikashukia Singida siku ya tatu mchana. Mashamba ya alizeti pande zote yalikuwa yamevunwa, mabua yamesimama makavu. Kibanda kilikuwepo pale pale. Na yule mama alikuwepo, amekaa nyuma ya chupa zake, zote zinang'aa, asali ndani yake nyepesi na imekolea rangi kuliko nilivyoikumbuka.

Nilimwamkia, nikajitambulisha. Nilimwambia: mama, mimi ndiye niliyekurudishia ndoo mwaka juzi nikasema ni sukari. Nilikosea. Ilikuwa asali, ya alizeti, na alizeti huganda. Nimekuja kukuomba radhi, na hii ni pesa yako.

Alinitazama muda. "Sikukumbuki, baba," alisema. "Mlikuwa wengi."

Kisha akaelekeza kidole kwenye zile chupa. "Ndiyo maana siku hizi naichemsha. Ikichemka vizuri inachelewa kuganda, wateja hawarudi na kelele." Alisema kama mtu anayeeleza jinsi alivyoziba bati linalovuja. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa kinachotokea kwenye sufuria ile: vimeng'enya vinakufa, harufu ya ua inapanda na mvuke, rangi inakolea. Nikajua pia ni nani aliyewasha moto.

Nilimuuliza kama anayo ambayo haijapikwa. Alisita, akainama chini ya meza, akavuta ndoo iliyofunikwa gunia. Ilikuwa ya manjano mpauko, imeganda mpaka ukingoni, haina hata unyevu juu. Kijiko hakikuingia. Akachukua kisu, akakata kipande kama anayekata samli, akakiweka kwenye kiganja changu. Kiliyeyuka taratibu, punje kwa punje, kikaacha ladha ya shamba lililochanua.

"Hii huwa tunakula nyumbani na watoto," alisema. "Unataka ngapi?"

Nilichukua ndoo yote. Nilitoa kalamu, tukaandika pamoja kwenye mfuniko: Singida, alizeti.